Je, MP3 ya kompyuta inaweza kulingana na diski za ubora wa juu?

Mkaazi wa Raskazone aliuliza:

Assalaam aleikum, na habari za jioni kwa wote.

Nina makusanyo ya muziki niliyorithi kwa marehemu baba hapa Tanga: CD za taarabu na za dansi, pamoja na sanduku zima la kanda zilizorekodiwa harusini, nyingi zikiwa za vikundi ambavyo leo havipo tena. CD zote nilizihamishia kwenye kompyuta kwa mfumo wa MP3, kiwango cha kilobiti 128 kwa sekunde, kwa sababu nafasi ya kuhifadhia ilikuwa ndogo. Kanda bado sijazigusa.

Hivi karibuni mjomba wangu amerudi kutoka Maskati na mashine ya kuchezea SACD, yaani diski za ubora wa juu kuliko CD, na diski chache za muziki wa okestra. Tuliunganisha mashine yake na kompyuta yangu kwenye amplifaya moja na spika zilezile, na kwa kweli diski yake ilisikika pana zaidi na yenye uhai zaidi. Mjomba anasema muziki wa kompyuta ni makapi matupu. Ninamheshimu, naye alianza kusikiliza muziki kabla sijazaliwa, ila ningependa kuelewa sababu yenyewe kabla sijatumia fedha. Je, tofauti hiyo inatokana na diski, au kuna jambo jingine? Na je, inafaa nirudie kuhamisha CD zote upya?

Fundi wa Ngamiani alijibu:

Wa aleikum salaam, ndugu yangu. Masikio ya mjomba hayakumdanganya, lakini vitu mlivyolinganisha havikuwa vya aina moja. Mlicheza okestra iliyorekodiwa kwa uangalifu mkubwa, kisha mkacheza taarabu iliyobanwa hadi kilobiti 128; hapo zilibadilika ala, rekodi, kiwango cha ubanaji na, bila shaka, ukubwa wa sauti. Hilo la mwisho ndilo linalowapotosha watu wengi. Sauti moja ikiizidi nyingine kwa nusu desibeli tu (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), msikilizaji hatambui kwamba imezidi; yeye huiona nzuri zaidi.

Tuanze na CD yenyewe, kwa sababu ndiyo kipimo cha yote mengine. Sony na Philips waliitoa mwaka 1982. Hupima wimbi la sauti mara 44,100 kwa sekunde, na kila kipimo huandikwa kwa biti 16, yaani tarakimu 16 za sifuri na moja. Wapo wanaodhani kwamba kati ya kipimo kimoja na kinachofuata kuna pengo ambamo muziki hupotea, na kwamba diski yenye vipimo vingi zaidi huliziba pengo hilo. Sivyo. Wimbi lolote ambalo masafa yake, yaani mitetemo kwa sekunde au hezi, hayafiki nusu ya idadi ya vipimo hurudi zima, laini, bila ngazi yoyote, na kwa CD hilo linatufikisha kwenye hezi 20,000 na zaidi kidogo, ambacho ndicho kikomo cha sikio la kijana mwenye afya. Mtu aliyepita miaka hamsini kwa kawaida hafiki hapo tena. Vipimo vya ziada vinaongeza masafa yaliyo juu ya kikomo hicho, basi. Biti 16 nazo zinatoa nafasi ya desibeli 96 hivi kati ya sauti ndogo kabisa na kubwa kabisa, ilhali kaseti ya kawaida isiyo na kipunguza kelele huishia kwenye 50 au 60.

SACD ilikuja mwaka 1999, tena kutoka kwa kampuni hizo hizo mbili, ikitumia biti moja inayoandikwa mara 2,822,400 kwa sekunde. DVD-Audio, diski nyingine ya ubora wa juu, ilifuata mwaka 2000, ikiwa na biti 24 na vipimo hadi 192,000 kwa sekunde. Kwenye karatasi ni namba za kuvutia. Lakini mwaka 2007 Brad Meyer na David Moran wa Marekani walichapisha jaribio katika jarida la Audio Engineering Society, chama cha wahandisi wa sauti, ambalo kila mpenzi wa muziki anapaswa kulijua. Walichukua sauti ya diski hizo za ubora wa juu, wakaipitisha kwenye kifaa kinachoishusha hadi kiwango cha CD, kisha wakawataka wasikilizaji waseme ni ipi iliyoshushwa, bila kuambiwa. Katika majaribio zaidi ya 550 majibu sahihi yalikuwa asilimia 49.8, yaani sawa na kurusha sarafu. Tofauti ilijitokeza pale tu ambapo sauti ilifunguliwa juu kuliko mtu yeyote anavyosikiliza nyumbani, na hapo kilichosikika ni mvumo hafifu wakati muziki umenyamaza.

Waandishi hao waliongeza jambo ambalo nadhani ndilo jibu la swali lako: karibu diski zote hizo zilisikika vizuri kuliko CD nyingi za madukani, kwa sababu zilitengenezwa kwa wasikilizaji makini, na wahandisi wake hawakulazimishwa kukandamiza sauti ili ionekane kubwa redioni. Ubora uliousikia sebuleni kwa mjomba upo kweli. Uliwekwa na watu waliorekodi na kuchanganya sauti.

Sasa MP3. Mfumo huu ulitokana kwa sehemu kubwa na kazi ya taasisi ya Fraunhofer ya Ujerumani, ambako Karlheinz Brandenburg alikuwa miongoni mwa walioujenga. Huikata sauti katika vipande vya milisekunde 26 hivi, na katika kila kipande hukadiria ni sauti zipi sikio halitazinasa kwa sababu zimefunikwa na nyingine zenye nguvu zaidi zilizo jirani nazo. Mdundo mkubwa wa besi ukilia, sauti ndogo ya karibu yake haisikiki hata ikiwepo, kwa hiyo huandikwa kwa biti chache au huachwa kabisa. CD hutumia kilobiti 1,411 kwa sekunde. Wewe umebakiwa na 128, yaani sehemu moja ya kumi na moja. Kwa kiwango hicho programu nyingi hukata kila kilicho juu ya hezi 16,000 au karibu na hapo, na ala za kutikisa ndizo huumia kwanza. Sikiliza cherewa katika taarabu yako yoyote: badala ya punje zinazogongana utasikia mchirizo wa maji. Ukipanda hadi kilobiti 256 au 320, kwa programu nzuri, kasoro hiyo huondoka, na mimi ninasema waziwazi kwamba watu wengi mno, kwa muziki wa kawaida na spika nzuri, hawawezi kuitenganisha na CD.

Mwalimu wa Ngoma, Bagamoyo, alijibu:

Nimesoma maelezo ya kaka Fundi na ninakubaliana na sehemu kubwa, ila nisingependa ndugu yetu aondoke akidhani kwamba suala limefungwa. Mwaka 2016 Joshua Reiss wa Chuo Kikuu cha Queen Mary, London, alikusanya matokeo ya majaribio 18 yaliyofanywa na watafiti mbalimbali, yenye majibu zaidi ya 12,500 kwa jumla, akaona kwamba wasikilizaji walipatia kidogo zaidi ya nusu, asilimia 52.3 hivi, na kwamba waliopewa mafunzo kabla ya jaribio walifanya vizuri zaidi. Ni tofauti ndogo, lakini ipo, na kwa idadi kubwa hivyo haiwezi kuitwa bahati.

Pili, ubanaji una udhaifu ambao hauonekani katika nyimbo laini. Mimi hufanya kazi na ngoma, njuga na tari kila siku. Pigo la ghafla linalotokea baada ya ukimya huipa MP3 taabu, kwa sababu makosa ya ukadiriaji husambaa ndani ya kipande kizima, hata sehemu iliyo kabla ya pigo, na ndipo husikia kama pumzi ndogo inayotangulia mkono kugusa ngozi. Makofi ya hadhira pia huharibika upesi. Kilobiti zikiongezwa tatizo hupungua sana, lakini sikio lililozoea ala hizi hulikamata hata pale ambapo wengine hawalioni.

Tatu, na hili ndilo ninalolijali zaidi, usihifadhi urithi wa baba yako kwa MP3, hata iwe ya kilobiti 320. Kusikiliza ni jambo moja na kutunza ni jingine. Tumia FLAC, ambayo hubana bila kupoteza hata biti moja na ambayo programu yake ni ya bure tangu mwaka 2001. CD ya saa moja, yenye megabaiti 600 na ushei, hupungua hadi karibu nusu. Kila mara unapoibana tena faili iliyokwisha kubanwa, unapoteza zaidi. Na wale wanaogeuza MP3 kuwa FLAC wakidhani wameipandisha daraja wajue kwamba ni kama kukamua tena machicha: tui limekwisha toka.

Fundi wa Ngamiani alijibu:

Dada Mwalimu, kuhusu kuhifadhi sina la kupinga. Umesema kweli tupu, na CD zile ziandikwe upya kwa FLAC maadamu zingali mkononi. Kuhusu asilimia 52, ninaheshimu utafiti huo, lakini tuitazame namba yenyewe kwa macho ya mtu anayetaka kununua mashine. Ni tofauti inayohitaji mafunzo, utulivu na majibu maelfu ili ionekane. Mjomba alisema anaisikia mara moja akiwa amekaa kwenye kochi. Hicho alichokisikia mara moja hakiwezi kuwa kile alichokipima Reiss.

Ndugu wa Raskazone, lipo jaribio unaloweza kulifanya bila gharama. Chukua CD moja nzuri unayoijua vizuri, inakili kwa FLAC, kisha kutoka kwenye FLAC hiyo tengeneza MP3 ya 128 na nyingine ya 320. Programu ya foobar2000 ina kiongezi kinachokuchezea faili mbili bila kukuambia ipi ni ipi, nacho husawazisha ukubwa wa sauti. Jibu mara 16. Ukipatia 12 au zaidi, uwezekano kwamba umebahatisha hauzidi asilimia 4. Mpe na mjomba ajaribu kwa adabu, mkiwa wawili tu, bila watu wa kushangilia.

Bint wa Pangani alijibu:

Shikamooni wakubwa. Naona mnajadili SACD na CD wakati kwenye sanduku kuna kanda za harusi ambazo hazina nakala nyingine duniani. CD ikiharibika huenda ikapatikana kwa mwingine. Kanda ya harusi ya Makorora haipatikani popote. Joto na unyevu wa pwani yetu huleta ukungu juu ya utepe, na gundi inayoshika chembe za sumaku huchoka. Ningekuwa wewe, kaka, ningeanza na hizo kesho.

Hapo ndipo biti 24 zina faida ya kweli. Wakati wa kunasa hujui wimbo utapanda ghafla kiasi gani, kwa hiyo unaacha nafasi ya kutosha juu, na biti za ziada zinakuwezesha kunasa kwa sauti ya chini bila mvumo kuongezeka. Nasa kwa biti 24, hifadhi kwa FLAC, kisha watumie ndugu MP3. Usitume nakala kuu kwa ujumbe wa sauti wa simu, kwani programu hizo hubana upya. Na kama utasikiliza kwa spika za bluetooth, kumbuka kwamba spika nyingi za bei nafuu nazo hubana sauti mara nyingine njiani, hata kama faili ni safi.

Mkaazi wa Raskazone alijibu:

Nimewashukuru sana nyote. Nimefanya jaribio kwa CD ya taarabu ya hapa Tanga yenye gitaa, kodiani na cherewa. Kwa kilobiti 128 nilipatia karibu kila mara, na baada ya kuelekezwa pa kusikiliza sikuweza tena kutousikia ule mchirizo. Kwa 320 nilikuwa ninabahatisha. Mjomba naye amekaa nayo jioni nzima. Kwa 320 hakupatia zaidi ya nilivyopatia mimi, ila anashikilia kwamba mashine yake ina sauti bora, na kwa yale aliyoyaeleza Fundi kuhusu urekodi wa diski hizo sioni sababu ya kubishana naye. Mashine nyingine sitanunua.

Kanda nitaanza nazo Jumamosi. Nina deki ya baba ambayo haijawashwa kwa muda mrefu. Je, nianze kuisafisha wapi?

Fundi wa Ngamiani alijibu:

Usiweke kanda yoyote ya thamani ndani yake kwanza. Safisha hedi, yaani kichwa kinachosoma utepe, na mhimili wa chuma kwa pamba iliyoloweshwa spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, hadi pamba itoke bila kahawia. Gurudumu la mpira lifute kwa maji yenye sabuni kidogo, kisha likaushe vizuri. Jaribu kwa kanda usiyoijali, usikilize kama kasi inayumba. Ikiyumba, mikanda ya mpira ya ndani imelegea na lazima ibadilishwe. Kisha kwa kila kanda geuza polepole skrubu ndogo ya pembeni mwa hedi mpaka cherewa zisikike kali kabisa, kwa sababu kila kinasa kilichorekodi harusi hizo kilikuwa na mwelekeo wake wa hedi, na ukikosea hapo utapoteza sauti za juu nyingi kuliko MP3 yoyote ile.

Ukikwama, niletee deki Ngamiani tuifungue pamoja.