Mashine ya boti imegoma kuwaka: tupeane uzoefu

Upondo:
Wakuu, tukusanye hapa ujuzi wa mashine za boti zinazogoma kuwaka, hasa hizi Yamaha za mipigo miwili, za nguvu farasi 15 na 40, zilizojaa mialoni Ziwa Victoria na huku pwani. Sharti ni moja: hadithi za nani alikesha majini tuziache. Weka dalili, chanzo, na cha kufungua.

Naanza na vya bure. Klipu ya kamba ya usalama ipo mahali pake? Gia iko nyutro? Tundu la hewa kwenye kifuniko cha tanki liko wazi? Mshale wa pampu ya mkono unaelekea kwenye mashine? Gia ikiwa imeingia, kamba haivutiki kabisa. Usiilazimishe ukadhani stata (kifaa cha kamba ya kuwashia) imekufa.

FundiMwalo:
Naongezea kwenye tundu la hewa, maana ndilo linalowapeleka wengi kwa fundi bure. Likiwa limefungwa mashine inawaka vizuri, inakwenda dakika kadhaa, inazima, basi haiwaki tena. Tazama pampu ya mkono: utaikuta imenywea kama chupa tupu ya maji. Legeza kifuniko, utasikia hewa inaingia kwa kishindo.

Baada ya hapo, vuta kamba mara sita hadi nane. Ikikataa, acha kuvuta. Fungua plagi uisome.

Plagi kavu: mafuta hayafiki, usihangaike na umeme. Plagi imelowa: mafuta yapo, ama moto (cheche) hakuna ama umeizamisha kwa choki, yaani petroli imejaa kupita kiasi. Plagi ina vitone vya maji: twende kwenye tanki.

Tuchukue iliyo kavu. Bonyeza pampu ya mkono, mshale ukiangalia juu. Isipokuwa ngumu hata baada ya kubonyeza mara ishirini, kuna mahali inavuta hewa: oringi (pete ya mpira) ya kiunganishi imelika, mpira umepasuka chini ya klipu (papinde, ufa utajionyesha), au valvu za ndani ya pampu yenyewe zimechoka. Ikiwa ngumu mara moja na plagi bado kavu, kizuizi kiko mbele: kiunganishi hakijaingia hadi mwisho, chujio limejaa uchafu, au sindano ya floti (boya linaloruhusu mafuta kuingia) imeganda kwenye kabureta.

Ukitaka uhakika, mimina nusu kijiko cha chai cha petroli iliyochanganywa oili kwenye tundu la kila plagi, funga, vuta. Ikiwaka sekunde chache ikazima, moto upo. Kosa ni la mafuta.

DumuLaPili:
Kabureta nyingi zinafunguliwa bure, kosa likiwa kwenye dumu. Chota mafuta ya chini kabisa ya tanki, weka kwenye chupa nyeupe, acha dakika kumi. Maji yatakaa chini, na mstari wa kuyagawa utauona kwa macho. Yakiwepo, usimwage tanki tu. Maji yapo pia kwenye chujio na kwenye bakuli la kabureta, lenye skrubu yake ya kutolea chini. Legeza hiyo, toa yote, kisha pampu mafuta safi.

Petroli iliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa ni mtihani mwingine: mashine ikiwa baridi haiwaki, ikibahatika kuwaka moshi ni mwingi na nguvu hamna. Paka kidogo mkononi. Petroli hukauka upesi na kuacha ubaridi. Yenye mafuta ya taa huacha utelezi. Lakini fanya hivyo kabla ya kuchanganya oili, la sivyo utamsingizia muuzaji.

Mchanganyiko: 50 kwa 1, yaani mililita 20 za oili ya TC-W3 (daraja la oili ya mashine za boti za mipigo miwili) kwa lita moja ya petroli. Dumu la lita 20 ni mililita 400, tanki la lita 24 ni 480. Mashine mpya huanza na 25 kwa 1, lakini muda wake fuata kitabu cha mashine yako. Kukadiria kwa kizibo tuache jamani. Oili ikizidi plagi inavaa masizi, ikipungua pistoni inakwaruzika.

Kaskazi:
Upande wa moto. Kwanza funika tanki, futa petroli iliyomwagika, uache upepo upite. Cheche na mvuke wa petroli havipatani.

Chomeka plagi kwenye kofia yake, chuma chake kiguse chuma cha injini pasipo rangi, klipu ya usalama ikiwa mahali pake, vuta. Unataka cheche ya bluu inayosikika. Ya njano iliyofifia haitoshi. Kwa Yamaha 15 ya mapistoni mawili plagi ni NGK B7HS-10, na ile 10 ya mwisho ni mwanya wa milimita 1.0.

Upande mmoja hauna moto? Badilishana plagi. Kosa likihama nayo, plagi imekufa. Likibaki palepale, kagua kofia na waya. Pande zote mbili hazina? Kabla hujanunua CDI (kisanduku cha umeme kinachotoa cheche), chomoa waya mweupe wa kuzimia unaotoka kwenye swichi. Moto ukirudi, swichi imeliwa na chumvi, na hiyo ni bei ya chini sana. Ila ukiiwasha hivyo, kitufe hakitaizima. Utaizima kwa kuvuta choki.

Bisibisi:
Je, plagi imelowa, moto wa bluu upo, na bado haiwaki?

FundiMwalo:
Mkuu, mara nyingi imezama. Rudisha choki ndani, toa klipu ya usalama, fungua plagi zote, vuta kamba mara kumi ili petroli itoke, kausha plagi, funga, jaribu bila choki. Plagi ikishakazwa kwa vidole, robo hadi nusu mzunguko kwa spana inatosha.

Ikikataa, sikiliza. Kabureta ikitema petroli nje, vibati vyembamba vya valvu za kuingizia vimevunjika au havifungi. Kamba ikikupokonya mkono kwa nguvu, ufunguo wa flaiwili (kijichuma kinachoshika gurudumu zito la juu ya injini) umekatika, moto unapiga wakati usio wake. Kamba ikiwa nyepesi mno, pima mgandamizo. Silinda zikitofautiana zaidi ya psi 15, hilo si la kumaliza ufukweni.

DumuLaPili:
Na jeti za kabureta msizitoboe kwa waya wa chuma. Ni shaba laini, tundu likitanuka kipimo kimeharibika. Iloweshe kwenye petroli, pulizia hewa, kisha iinue kwenye jua utazame: duara la mwanga liwe kamili, lisiwe na kona wala unywele.

Upondo:
Stata ikikatika kamba majini: ondoa boliti za stata, toa stata nzima, piga fundo kwenye kamba ya akiba, ingiza kwenye mfuo wa flaiwili, zungusha mara kadhaa kufuata mwelekeo wa saa, uvute kwa nguvu. Hakikisha kwa macho kwamba gia iko nyutro, maana kinga ya gia imetoka pamoja na stata. Ikiwaka usijaribu kurudisha stata. Flaiwili iko wazi inazunguka. Shati, shanga, mikono, vyote viwe mbali hadi ufike nchi kavu.