Binti wa miaka 5 na kompyuta, nianzie wapi?

MamaTabata: Habari zenu wapendwa. Nina binti wa miaka 5, akishika laptop yetu ya zamani anabonyezabonyeza kibodi tu basi. Nataka ajifunze kwa michezo, sio akalishwe kama yuko darasani, na bando lenyewe la kuungaunga. Mnanishaurije?

FundiKkoo: Dada weka GCompris (michezo ya kujifunza) na Tux Paint (ya kuchora), zote bure na ukishadanlodi hazihitaji intaneti tena. Wangu kushika mausi kajifunzia Tux Paint, kila akivuta rangi inatoa mlio, anacheka, anarudia. Ila mtafutie mausi ndogo, kubwa vidole havifiki kitufe.

Mwl_Chekechea: Mie nasema hata usiiwashe kwanza. Nachoraga viboksi chini kwa chaki, mtoto mmoja roboti, mwenzie anamwamuru mbele hatua 2, geuka kulia, mpaka alifikie embe, sasa amri ikikosewa roboti anaishia ukutani na wote wanarudi kutafuta kosa liko hatua ya ngapi, na hapo ndo kuprogramu kunapoanzia kwa kweli, kompyuta inafanya ulichoiambia sio ulichokuwa unawaza. Akizoea mpe ScratchJr kwenye tableti, programu ya watoto kujifunza kuprogramu, ni ya miaka 5 hadi 7, anapanga vipicha vya amri hata kama hajajua kusoma.

MamaTabata: Asante mwalimu! Leo tumechora uwani, watoto wa jirani wote wamejaa, ila binti kagoma kuwa roboti anataka kuamuru tu.

Mwl_Chekechea: Mwache aamuru, kesho mwambie zamu kwa zamu.