Dume anapanda vizuri, majike hawashiki mimba

Mfugaji_Mpya:
Wakuu, naombeni msaada. Nina sungura dume mmoja na majike wanne, majike wote walishawahi kuzaa. Dume anapanda bila shida, anadondoka ubavu na kutoa mlio, lakini miezi miwili sasa hakuna aliyezaa. Wawili walinyofoa manyoya na kutandika kiota siku ya 17 baada ya kupandwa, nikafurahi, kisha kimya. Niwabadilishe?

Wa_Vizimbani:
Usimwondoe hata mmoja. Hiyo siku ya 17 ndiyo jibu lako. Sungura jike hashushi mayai mpaka apandwe, na yanashuka kama saa 10 hadi 12 baadaye. Dume akiwa na mbegu mbovu, mayai yanashuka vilevile ila hakuna cha kuyarutubisha, na mwili unaingia mimba ya uongo. Mimba halisi ni siku 30 hadi 32. Ya uongo huisha siku ya 16 hadi 18, ndipo ananyofoa manyoya. Majike wako wamefanya kazi yao.

Mimi nilichinja majike watatu wazuri kwa kosa hilihili, na linaniuma hadi leo. Wa nne nilimpeleka kwa dume la jirani, akazaa vitoto wanane. Ndipo nikamgeuza dume wangu chali na kumpapasa: korodani moja imejaa, ya pili imesinyaa, ngozi imekunjamana. Mgeuze wako leo. Na joto likoje hapo bandani?

Mfugaji_Mpya:
Zote mbili ni laini, kama zimepwaya. Kizimba chake kiko chini ya bati. Joto lilikuwa kali sana, limepoa wiki tatu zilizopita. Halafu nampandisha kila siku, nikidhani nitafidia.

Wa_Vizimbani:
Basi ni joto. Likizidi nyuzi 30 kwa siku kadhaa, mbegu zinaharibika, na mpya huchukua kama wiki saba kukomaa. Kwa hiyo hali ya hewa imepoa, yeye bado. Mhamishie kivulini, mpe maji muda wote, umsubiri mwezi mwingine. Majike wapeleke kwa dume mwingine kwa sasa.

Sikio_Refu:
Naongezea: kila siku ni nyingi mno, mbegu zinakuwa chache hata kwa dume mzima. Mara mbili au tatu kwa wiki zinatosha. Ila akishapumzika muda mrefu, mpandishe mara mbili siku hiyohiyo, maana mbegu za kwanza ni zile zilizokaa na nyingi zimekufa. Kisha mpapase jike tumboni siku ya 12 hadi 14, usingoje kiota.

Mfugaji_Mpya:
Nimeshamhamisha. Na majike siwabadilishi.