Skrambo ya harambee Minnesota: uwanja, tarehe na hesabu

Wakuu, habari za jioni. Kamati inataka kuchangisha karo kwa siku ya gofu, timu za watu wanne, mtindo uitwao skrambo. Wengi hawajawahi kushika fimbo. Tuanzie wapi? Na nyama tunaweza kuchoma wenyewe uwanjani?
Katibu, Brooklyn Park

*

Dada Katibu,

Nyama kwanza, maana ndiyo italeta ugomvi. Viwanja vingi havikubali chakula wala vinywaji kutoka nje: leseni ya pombe ni yao, na jikoni ndiko wanakopata faida. Mchana kuleni vyao, choma iwe jioni kwingine.

Tarehe: Juni hadi mwanzo wa Septemba. Aprili na Oktoba asubuhi umande huganda; ukikanyaga nyasi zikiwa hivyo zinavunjika, nyayo zinabaki za kahawia siku kadhaa. Kwa hiyo uwanja huchelewesha mchezo hadi jua lipashe. Epukeni pia wikendi ya 3M Open, mashindano ya gofu ya wachezaji wa kulipwa kule Blaine, mwezi wa Julai. Halafu ulizeni grini, yaani nyasi fupi sana zinazozunguka shimo, zitatobolewa lini kuingiza hewa. Zikishatobolewa na kumwagiwa mchanga, mpira unadundadunda badala ya kubingirika, na nyasi huchukua kama wiki mbili kuziba vitundu.

Kuanza kwa pamoja, kila timu shimoni pake, ndiko kuzuri kwa harambee kwani wote humaliza wakati mmoja. Uwanja wa mashimo 18 ukijaa, timu mbili kwa kila shimo, ni watu 144. Mkiwa timu 12 tu, yaelekea mtapewa zamu za kupishana dakika kumi hivi. Idadi ya mwisho hutakiwa siku kadhaa kabla, na asiyetokea mnamlipia.

Kwenye tangazo andikeni 8:00 AM. Kijana aliyekulia huku akisoma "saa 2" atadhani ni saa nane mchana, afike watu wanakunja viti.
Rochester

*

Naongezea, Katibu. Skrambo inawafaa wageni: wote wanne wanapiga, mnachagua mpira uliokaa vizuri, wote mnapiga tena kutoka hapo. Kinachoua siku ni mwendo. Kanuni za gofu zinatoa dakika 3 za kutafuta mpira, lakini kama wa mwenzako uko katikati ya nyasi fupi, wako uacheni msituni. Wekeni kikomo: mkizidisha par (idadi ya mikwaju inayotarajiwa kwa shimo hilo) kwa mkwaju mmoja, okoteni mpira, nendeni. Kila timu iwe na mzoefu mmoja. Na msipange mashindano ya ziada kwenye mashimo mawili ya par 3 yanayofuatana. Foleni itaanzia hapo.

Mkitangaza zawadi ya gari kwa atakayeingiza mpira shimoni kwa mkwaju mmoja, kateni bima, na msome umbali uliotajwa, mara nyingi yadi 150. Mtu wa kujitolea akisogeza alama ya kuanzia kupiga mbele yadi tano "kuwasaidia akina mama", bima hailipi. Shahidi akae pale tangu kundi la kwanza hadi la mwisho.

Kodi: kama chama kimesajiliwa 501(c)(3), yaani shirika la hisani lisilotozwa kodi, mchangiaji hakati tiketi yote kwenye mapato yake yanayotozwa kodi. Tiketi ikiwa dola 150, na mchezo, gari la gofu na chakula vina thamani ya dola 90, anakata 60 tu. Malipo yakizidi dola 75, IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, inawataka mmwandikie thamani hiyo. Iandikeni kwenye risiti ya tiketi yenyewe, msingoje Januari watu waanze kumpigia simu mweka hazina.
Saint Paul