Tarehe 12 Novemba: tuandike nini kwenye ubao wa "Siku kama ya leo"?

Mwl_Masasi
Habari za jioni wadau wa kusini, naomba msaada wenu. Hapa shuleni kwetu Masasi tuna ubao mdogo pembeni ya ofisi ya walimu, tunauita "Siku kama ya leo". Kila asubuhi kabla ya paredi mwanafunzi wa zamu anaandika kwa chaki mambo manne matano ya tarehe hiyo, nani kazaliwa, nchi gani ina sikukuu, tukio gani kubwa lilitokea, halafu anasimama mbele anaelezea wenzake dakika tano hivi. Watoto wanaupenda kweli, kuna waliokuwa hawafungui mdomo darasani siku hizi wanasimama mbele ya shule nzima.

Sasa 12 Novemba zamu ni ya kidato cha tatu na wameniletea orodha waliyoitoa kwenye simu. Waigizaji wa Marekani watupu, na eti kule ni siku ya piza. Sina tatizo na waigizaji ila sitaki mtoto wa Masasi asome ubao mzima asikute mstari hata mmoja unaomhusu. Najua Mzee Mkapa, rais wetu wa awamu ya tatu, alizaliwa siku hiyo na hilo tutaliweka juu kabisa. Zaidi ya hapo kuna nini? Nataka vitu vya uhakika, siyo vya kusikia.

Ndanda_Kwetu
Mwalimu umefanya jambo jema sana kuuliza mapema. Kwa Mzee Mkapa usiishie kuandika "alizaliwa 12/11/1938, Lupaso" halafu basi, maana hiyo hata mtoto wa darasa la tatu anayo. Waambie alisoma hapa hapa kwetu, Lupaso na Ndanda, akaenda seminari ya Kigonsera, akaenda Pugu, akaenda Makerere akatoka na digrii ya Kiingereza mwaka 1962. Kabla ya siasa alikuwa mtu wa magazeti, kahariri The Nationalist na Uhuru, baadaye Daily News. Mtoto anayeandika kwenye huo ubao wako kwa chaki ajue kwamba rais wa awamu ya tatu alianza kwa kuandika na kusahihisha maandishi ya wengine. Aliapishwa kuwa rais 23 Novemba 1995, siku 11 tu baada ya kutimiza miaka 57. Na alipofikisha 81, tarehe hiyo hiyo 12 Novemba 2019, ndipo kilipozinduliwa kitabu cha maisha yake pale Dar. Mwaka uliofuata mwezi wa saba tukamzika Lupaso.

Halafu daraja. Vijana wa sasa wanapanda basi Masasi alfajiri jioni wako Mbagala, Dar, hawajui Ndundu ilikuwa nini. Pale Rufiji tulikuwa tunavuka kwa kivuko, na masika yakikolea barabara inakufa, magari yanapanga foleni watu wanalala pembeni ya barabara na watoto na mizigo, wanapika hapo hapo, mwenye mgonjwa ndo usiseme. Daraja la Mkapa lilipofunguliwa 2003, urefu wake karibu mita 970 kuvuka mto ule, kusini ikaacha kuwa kisiwa. Kipande cha Ndundu hadi Somanga lami ilichelewa kukamilika lakini mto ulikuwa umeshavukwa. Mwambie huyo mwanafunzi wa zamu amuulize babu yake hilo kabla hajasimama mbele ya wenzake.

Kijana_wa_Shangani
Mwl usiwatupe mastaa wote, chagua. Ni kweli Ryan Gosling (1980) na Anne Hathaway (1982) wote wa 12 Novemba, na Neil Young yule mwanamuziki wa Kanada (1945), na kwa wale wa basketi Russell Westbrook (1988). Hao mstari mmoja unawatosha wote.

Ila kuna mmoja ningempa nafasi yake peke yake, Nadia Comaneci, mtoto wa Romania kazaliwa 12 Novemba 1961. Mwaka 1976 kwenye Olimpiki ya Montreal alikuwa na miaka 14, umri wa kidato cha pili huyo, akapanda kwenye zile baa za jimnastiki akapata 10 kamili, kitu ambacho hakikuwahi kutokea kwenye Olimpiki. Ubao wa matokeo ukaandika 1.00 kwa sababu haukutengenezwa kuonyesha 10.00, waliotengeneza hawakutegemea kuna mtu ataifikia! Watu wakakaa kimya kwanza hawaelewi, ndo tangazo likatoka.

Na hapo unaweza kuunganisha na nyumbani, maana kwenye Olimpiki hiyo hiyo Tanzania hatukuwepo. Tuligoma sisi na nchi nyingi za Afrika kwa sababu New Zealand walipeleka timu ya raga Afrika Kusini kucheza na makaburu na bado wakaruhusiwa kushiriki. Filbert Bayi alikuwa na rekodi ya dunia ya mita 1500 aliyoiweka Christchurch 1974, na dunia nzima inasubiri akutane na John Walker wa New Zealand, haikuwa. Walker akachukua dhahabu. Mimi hilo linaniuma mpaka leo japo sikuwa nimezaliwa, ila naona tulifanya sawa.

Mkulima_Tandahimba
Kijana umeongea vizuri ila mbona hakuna aliyetaja korosho? 12 Novemba 2018 wakulima wa huku hatuwezi kuisahau. Mnakumbuka msimu ule, minada ya mwezi wa kumi wanunuzi wanaleta bei za chini, wakulima tunakusanyika kwenye AMCOS, vyama vyetu vya ushirika, barua za bei za wanunuzi zinasomwa moja moja, kila bei ikitajwa watu wanasema hatuuzi. Korosho iko ghalani, ada za watoto zinasubiri, na watu bado wanasema hatuuzi. Serikali ikawapa wanunuzi siku nne waseme wananunua tani ngapi kwa bei gani, na mwisho wa hizo siku ndo ilikuwa 12 Novemba. Siku hiyo hiyo Rais Magufuli akiwa Ikulu anaapisha mawaziri wapya, akiwemo wa kilimo, akatangaza serikali itanunua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi litaleta magari kuisomba. Ilikuwa Jumatatu. Redio zilikuwa zimewashwa kila baraza, na baada ya hapo tukaona malori ya JWTZ yanaingia vijijini.

Yaliyofuata kwenye uhakiki na malipo kila mkulima ana lake la kusimulia na siyo ya kuweka kwenye ubao wa shule. Ila tarehe iandikwe. Mtoto wa Masasi sare yake ya shule imetoka kwenye korosho, na hao hao watoto mwezi huu wakitoka shule wanaenda kuokota, wanatenganisha bibo (lile tunda) na korosho, wanaanika, wanatoa zilizooza zisije zikaangusha mzigo ukawa andagredi, yaani daraja la chini. Kwa nini historia ya kitu wanachokishika kila siku isiwepo pale?

Na ukihesabu utaona siku hiyo Mzee Mkapa alikuwa anatimiza miaka 80 kamili.

Nesi_Lindi
Shikamooni wakubwa. Mwalimu mimi ni muuguzi huku Lindi, naomba usiache hili, 12 Novemba ni Siku ya Nimonia Duniani. Ilianza 2009. Kwangu hii ningeiweka juu kabisa, juu ya waigizaji na hata juu ya korosho, kaka yangu wa Tandahimba anisamehe. Nimonia, wengine tunasema kichomi au homa ya mapafu, duniani inaua watoto wa chini ya miaka mitano zaidi ya laki saba kila mwaka, hakuna ugonjwa mwingine wa kuambukiza unaowamaliza watoto hao kama huo. Na siyo kwamba dawa ni ngumu. Ikiwahiwa mtoto anapewa vidonge vya amoksilini vya kuyeyusha kwenye maji anapona. Tatizo ni kuchelewa. Mzazi anaona kikohozi anaanza na kumsugua mtoto mafuta kifuani, siku zinapita, analetwa kwetu amechoka hata kunyonya hawezi.

Nawaza hivi, wanafunzi wako wengi wana wadogo zao nyumbani na wao ndo wanaowabeba mama akiwa shamba. Wafundishe kuhesabu pumzi. Mtoto awe ametulia, asiwe analia wala ananyonya, unamfunua nguo unaangalia kifua na tumbo vinavyopanda, kupanda na kushuka ni pumzi moja. Unahesabu dakika nzima, usihesabu nusu dakika ukazidisha mara mbili maana watoto hawapumui kwa mpangilio. Mtoto wa miezi miwili mpaka kumi na moja ukipata 50 au zaidi, au wa mwaka mmoja mpaka mitano ukipata 40 au zaidi, na anakohoa, huyo ni wa kupelekwa kituo cha afya siku hiyo hiyo. Mchanga wa chini ya miezi miwili akipumua haraka au akigoma kunyonya usihesabu hesabu, mpeleke tu. Na ukiona pale chini ya mbavu panabonyea ndani kila anapovuta hewa, usisubiri hata kikombe cha chai.

Chanjo ipo pia, ya nimonia iliingia kwenye ratiba yetu mwaka 2013, mtoto anapewa akiwa na wiki 6, 10 na 14. Ni bure. Kadi ya kliniki inaonyesha kama kapata.

Mikindani_Pwani
Asanteni wote huu uzi mzuri. Mimi swali langu, kwa nini 12 Novemba isiwe sikukuu ya kitaifa kabisa, Siku ya Mkapa? Nyerere anayo, Karume anayo.

Ndanda_Kwetu
Mwanangu wa Mikindani, angalia hizo mbili zilivyowekwa. Nyerere Day ni 14 Oktoba, siku aliyofariki mwaka 1999, wakati alizaliwa 13 Aprili 1922. Karume Day ni 7 Aprili, siku aliyouawa 1972. Nchi yetu viongozi tunawakumbuka kwa siku waliyoondoka. Nadhani ni kwa sababu kwetu siku ya kuzaliwa haikuwa kitu cha kushika, sisi wengi tumezaliwa "msimu wa korosho" au "mwaka wa mafuriko" na tarehe kwenye kitambulisho ni ya kukadiria, lakini siku ya msiba kila mtu anaijua, kuna arobaini na kuna misa ya kumbukumbu kila mwaka. Kwa hiyo kwa utaratibu wetu siku ya Mkapa ingeangukia 24 Julai. Mimi lakini napenda hivyo anavyofanya mwalimu. Mtoto akijua kwamba kuna siku moja ya kawaida Lupaso mama alijifungua mtoto aliyekuja kuwa rais, anajiona na yeye yumo.

Kijana_wa_Shangani
Mzee umenifikirisha. Mwl, kwa sikukuu za nje nimekumbuka Timor ya Mashariki, kwao 12 Novemba ni Siku ya Vijana kitaifa. Mwaka 1991 vijana walikuwa kwenye maandamano ya maziko pale makaburi ya Santa Cruz, Dili, askari wa Indonesia wakawafyatulia risasi, wakafa zaidi ya 250. Wapigania uhuru wao kadhaa walikuwa wanaishi Maputo wakati huo, kwa jirani zetu wa Msumbiji. Na jirani zetu wa Komoro waliingia Umoja wa Mataifa 12 Novemba 1975.

Kitu kingine angalia zile orodha za mtandaoni zinazochanganya. Kuna sehemu wameandika Diwali ni 12 Novemba, hiyo ilikuwa mwaka 2023, inahama kila mwaka kwa mwandamo wa mwezi sawa na Idi zetu. Usiweke.

Mwl_Masasi
Wadau nashukuru mno, sikutegemea kupata vyote hivi kwa jioni moja. Nimeshaongea na kidato cha tatu. Ubao utakuwa na Mkapa na daraja, korosho 2018, Nadia, Timor, na nimonia itakuwa juu kabisa kama alivyosema dada nesi. Waigizaji mstari mmoja chini. Binti wa zamu keshasema atamuuliza bibi yake habari za Ndundu. Hatutaki kuwachosha kidato cha nne wako kwenye mtihani wa taifa, kwa hiyo hilo la kuhesabu pumzi nataka tulifanye vizuri baada ya vipindi, kidato cha tatu wawepo na cha nne wasiwepo. Dada nesi, niandae nini? Wanafunzi hawana saa za mkononi na simu haziruhusiwi shuleni.

Nesi_Lindi
Saa moja tu ya ukutani inatosha mwalimu, mradi ina mshale wa sekunde na kila mtu anaiona. Wakae wawili wawili, mmoja anahesabu pumzi za mwenzake dakika nzima, halafu wanabadilishana. Watapata namba ndogo, kati ya 12 na 20 hivi, kwa sababu ni wakubwa, waeleze hilo wasije wakadhani wamekosea. Kisha jioni wakahesabu kwa wadogo zao wakiwa wamelala, waje na namba kesho yake. Na ongea na zahanati iliyo karibu na nyie, mara nyingi yupo mhudumu wa afya ngazi ya jamii mwenye kile kisaa cha kuhesabia pumzi, atakuja na atawaonyesha. Akikuuliza umepata wapi wazo mwambie ni tarehe 12 Novemba, anajua.