Tupeane uzoefu: mavazi ya watoto katika igizo la kuzaliwa kwa Yesu

Wazazi wenzangu, nafungua mada hii mapema, wakati bado ni Oktoba, kwa sababu mwaka jana nilichelewa na yaliyotokea hayajanitoka moyoni. Alhamisi moja mwishoni mwa Novemba, mwanangu wa darasa la awali alirudi nyumbani na kikaratasi kilichokunjwa mara nne ndani ya daftari lake, kikieleza kwamba yeye atakuwa nyota ya Bethlehemu katika igizo la kufunga shule, kwamba avae nguo nyeupe yenye kung'aa, na kwamba wazazi tufike Jumatatu saa tatu asubuhi. Ijumaa jioni nilitoka kazini nikapitia Kariakoo. Gauni la malaika la bei ya chini kabisa nililoliona lilikuwa shilingi 35,000, na vazi la nyota halikuwepo. Jumamosi usiku nilichukua boksi la sabuni, nikachora nyota ya pembe tano kwenye ubavu wake, nikaikata, nikaifunika kwa foili ya jikoni na kutoboa matundu mawili ya kupitisha utepe wa shingoni. Nilipomvisha niligundua kwamba pembe za pembeni zilimzuia kushusha mikono, na kwamba hakuweza kukaa chini bila ile ya chini kumchoma mapajani, ilhali nyota ingekaa jukwaani karibu saa nzima. Nikazipunguza kidogo kidogo, yeye akiinuka na kuketi kila baada ya mkato, mpaka akasema sasa haimuumizi.

Lakini sababu ya kuandika si nyota yangu. Binti wa jirani yangu alipangiwa kuwa malaika katika igizo hilo hilo. Mama yake anauza mboga, na aliposikia bei ya gauni alinyamaza. Jumatatu mtoto hakupelekwa shuleni, na mwalimu akaambiwa kuwa anaumwa. Nilikuja kuujua ukweli baada ya sikukuu. Shuka jeupe la kitandani lingetosha kabisa, na nyumbani kwangu yalikuwepo matatu yaliyokunjwa kabatini. Kwa hiyo naomba tupeane uzoefu: mlitumia nini, nini kilifaa, nini kiliharibika mbele ya watu, na shule zenu ziliwasaidia kwa njia gani?

*Mama wa mapacha, Mbeya*

Pole sana, dada, kwa habari ya jirani yako. Mapacha wangu walikuwa malaika wakiwa na miaka minne, na nguo zao zilikuwa foronya. Unafumua mshono wa juu kiasi cha kupita kichwa, unaacha matundu mawili ya mikono, unafunga utepe kiunoni, na kwa mtoto wa umri huo foronya inafika chini ya magoti. Nilizipiga pasi usiku, asubuhi zikavaliwa, na baada ya igizo zilishonwa upya na kurudi kwenye mito.

Kosa langu lilikuwa kwenye mabawa. Niliyaunda kwa waya na kuyafunika kwa neti, yakapendeza, na nikaridhika nayo kiasi kwamba niliyatumia tena kanisani kwenye mkesha wa Krismasi. Huko watoto waligawiwa mishumaa iliyowashwa. Mmoja aligeuka kumtazama mwenzake, na ncha ya bawa ikapita juu ya moto. Neti haiungui polepole kama pamba nene. Ilijikunja na kuyeyuka kabla sijainuka kwenye benchi. Mzee mmoja wa kanisa alilivuta bawa lile na kulikanyaga, na mwanangu hakuumia hata kidogo, ila nywele za kisogoni zilinuka moshi. Tangu siku hiyo kwaya ya watoto inatumia tochi ndogo za betri, na mimi mwenyewe husimama mlangoni kuhakikisha kwamba hakuna mtoto mwenye neti, pamba au karatasi mwilini anayeshika mshumaa. Nawasihi wote mnaosoma hapa msilichukue jambo hili kuwa dogo.

*Mama wa Tanga*

Assalaam alaykum, nami nawasalimu nyote kwa amani. Mimi ni Mwislamu, na binti yangu anasoma katika shule ya misheni. Mwaka juzi alirudi na furaha kubwa kwamba amechaguliwa kuwa Maria. Kwetu Bi Maryam ni mwanamke wa daraja ya juu sana. Sura ya 19 ya Qur'ani imeitwa kwa jina lake, na humo tunasoma jinsi uchungu wa uzazi ulivyompeleka kwenye shina la mtende. Kwa sababu ya heshima hiyo hiyo, wengi wetu hatuoni vyema mtu kuwaigiza mitume na watu wa daraja kama lake. Sikutaka kumkatalia mtoto kwa ukali, wala sikutaka mwalimu aone kwamba nimedharau imani yao. Nilikwenda kuonana naye, tukazungumza kwa utaratibu, na binti akapewa kazi ya msimulizi, ambayo ilikuwa na maneno mengi kuliko ya Maria mwenyewe, kwa hiyo akafurahi.

Kisha mwalimu aliniuliza kama ningeweza kusaidia mavazi ya mamajusi, wale wageni wanaomletea mtoto Yesu zawadi, nami nikakumbuka joho la marehemu babu, jeusi, lenye nakshi za uzi wa dhahabu kifuani, ambalo katika ukoo wetu linavaliwa na bwana harusi. Sikulikata. Nililikunja mabegani na kwenye mikono, nikalishikiza kwa mishono mirefu ya mkono ambayo niliifumua usiku ule ule bila kuacha alama. Nilimfunga mtoto kilemba na kumpa chetezo cha udongo chenye ubani mkavu bila makaa. Mwalimu alipowaeleza watoto kwamba uvumba wa hadithi yao ndio ubani huu tunaofukizia nguo na nyumba, darasa zima lilitaka kunusa, na chetezo kikapitishwa mkono kwa mkono hadi dawati la mwisho. Kwa hiyo wazazi wa pwani, kabla ya kununua taji la plastiki, waulizeni wazee wenu wana nini sandukuni.

*Mwalimu wa shule ya Jumapili, Moshi*

Nimeandaa maigizo haya kwa miaka mingi, na ningependa kuwaambia wazazi jambo ambalo sisi walimu tunapaswa kulisema kwanza kabisa: mengi tunayowadai hayamo katika Injili. Luka anaeleza kuhusu malaika na jeshi kubwa la mbinguni, lakini katika habari hiyo hasemi lolote juu ya mabawa. Punda tunayehangaika kumtengenezea masikio hatajwi, wala mwenye nyumba ya wageni. Mathayo hasemi kwamba mamajusi walikuwa watatu, wala kwamba walikuwa wafalme. Anazitaja zawadi tatu, yaani dhahabu, uvumba na manemane, na hesabu ya watu watatu ikatokana na hizo. Mwaka mmoja nilikuwa na wavulana saba waliolilia joho, nami nikawaweka wote saba, wanne wakiwa wasaidizi wa kubeba zawadi, na hakuna aliyelala na huzuni.

Mtakatifu Fransisko wa Assisi alipoandaa hori pale Greccio, Italia, mwaka 1223, alitaka majani makavu, ng'ombe na punda, ili watu waone kwa macho yao umaskini aliozaliwa nao mtoto yule. Hadithi yenyewe ni ya familia iliyokosa nafasi ya kulala na ya wachungaji waliokuwa makondeni usiku. Mtoto wa muuza mboga anapobaki nyumbani kwa kukosa gauni la shilingi 35,000, tumeigiza kitu kingine. Nasema hivi nikijilaumu pia mimi, kwa kuwa zamani nilituma orodha za mavazi bila kufikiri. Sasa orodha yangu inatoka wiki moja baada ya Sikukuu ya Mikaeli na Watoto, mwanzoni mwa Oktoba, nayo inataja vitu vya nyumbani tu: shuka, kanga, kikoi, mgolole, fimbo. Maleba yanayobaki tunayafua na kuyatunza katika sanduku la kanisa, na mzazi asiye na kitu huniona pembeni, si mbele ya wenzake.

*Mama Nairobi*

Shuleni kwetu kila mzazi alitozwa fedha za kukodi mavazi, nayo yakaletwa asubuhi ya igizo yakiwa ya kimo kimoja kwa watoto wote. Mwanangu alikuwa Yosefu. Kanzu ilimburuta, mtu akaikunja na kuishikiza kwa pini, na alipopanda ngazi za jukwaa alikanyaga pindo, akaanguka na pini ikamkwaruza mguu. Alimaliza igizo akiwa na machozi machoni. Sasa huenda soko la Gikomba mwezi mmoja kabla, nachagua shati jeupe la mtu mzima katika mitumba, naondoa kola, na napima urefu ukomee juu ya kifundo cha mguu, si sakafuni. Pindo nalishona. Pini sizitumii tena kwenye nguo ya mtoto.

*Baba, Reading, Uingereza*

Huku maigizo haya hufanyika katika majuma ya kwanza ya Desemba, hasa kwa watoto wadogo, na maduka makubwa huuza mavazi yaliyo tayari. Hata hivyo, desturi ya zamani ya Waingereza kwa wachungaji ni kitambaa cha kufutia vyombo kilichofungwa kichwani kwa kamba. Mama yangu alikuwa ametuletea kikoi kutoka Unguja, nami nikamfunga mwanangu hicho, sweta likiwa ndani kwa sababu ya baridi. Kilichonigusa ni pale aliponiomba nimfundishe kukifunga mwenyewe, ili awafunge na wenzake.

*Mama wa mtoto mwenye usonji, Arusha*

Mwalimu wa Moshi, shikamoo. Nimesoma maneno yako mara mbili.

Mwanangu ana miaka saba na ana usonji. Katika mazoezi ya kwanza alivishwa vazi la satini lenye vimetimeti, akalivua mbele ya wote na kulia mpaka akatapika. Baadhi walidhani ni ukaidi. Kwa kweli mshono wa shingoni ulikuwa unamkwaruza, na kwake mkwaruzo mdogo kama huo ni maumivu. Nilimwomba mwalimu wake anipe wiki mbili. Nilichukua fulana ya baba yake ya pamba, ya rangi ya kahawia, iliyofuliwa miaka mingi hadi ikalainika, nikaigeuza ndani nje ili mishono isiguse ngozi, nikakata kibandiko cha shingoni, na nikamwacha aivae nyumbani kila jioni akicheza. Akawa kondoo.

Mama mmoja aliniuliza kwa nini sikubandika pamba nyeupe kama wengine. Nilimwambia awatazame kondoo wanaopita barabarani kwetu: kondoo wa Kimaasai ni wekundu au wa kahawia, manyoya yao ni mafupi, na sufu nyeupe hawana. Tena kwa joto la mchana wale kondoo wa pamba walikuwa wakitoka jasho, na pamba ikiwadondoka hadi midomoni, ilhali wangu alikaa kando ya hori, mkono mmoja ukishika upindo wa fulana ya baba yake, kuanzia wimbo wa kwanza hadi wa mwisho. Ilikuwa mara ya kwanza kukaa na darasa lake mbele ya watu. Ninaomba walimu mnaposambaza orodha mwulize pia kama kuna mtoto asiyestahimili aina fulani ya kitambaa.

*Mwanzisha mada*

Nawashukuru kwa dhati. Niliyachapisha maneno ya mwalimu wa Moshi na ya mama wa Arusha, nikayapeleka kwa mwalimu wa darasa, naye ameahidi kwamba mwaka huu orodha itatoka kabla ya Oktoba kwisha na kwamba rafu moja ya kabati la darasa itakuwa ya mavazi ya kuazimana. Mishumaa haitakuwepo.

Jumapili alasiri nilikwenda kwa jirani yangu na shuka mkononi. Binti yake amekua, foronya haimtoshi tena. Kutoka begani hadi kifundo tulipata sentimita 92. Mama yake alikata, mimi nikashona kwa cherehani, na binti mwenyewe alichagua utepe wa kiunoni, akakataa mabawa kwa kuwa anataka kupiga makofi wakati wa wimbo. Vazi lipo tayari, limetundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango wao. Darasani bado kuna wachungaji wawili wasio na cha kujitanda. Aliye Dar es Salaam na ana kikoi au mgolole asioutumia, anijulishe kabla ya Ijumaa, nami nitaufuata mwenyewe.