Naomba ushauri: muuzaji wangu na wateja hawaelewani ingawa wote wana nia njema
Ndugu zangu, nina duka la kanga na vitenge hapa Ngamiani, Tanga, ambalo wateja wake wengi ni kina mama wa Kidigo, Kibondei na Kisambaa. Muuzaji wangu ni kijana wa Kikurya kutoka Tarime, mwaminifu na mchapakazi kuliko wote niliowahi kuwaajiri.

Tatizo ni mazungumzo. Mteja wa hapa huanza kwa salamu, akaulizia hali ya nyumbani, akaikunjua kanga na kulisoma jina lake taratibu, ndipo aombe kupunguziwa, kijana naye hujibu kwa sauti ya juu, "Mama, bei ni hiyo, unachukua au huchukui?" Juzi bibi mmoja aliikunja upya doti aliyokwisha kuichagua, akaiweka mezani na kuondoka kimya, na kijana akabaki ameshangaa, kwa kuwa yeye amelelewa kuona kwamba kusema wazi ndiko kumheshimu mtu.

Nimwelekeze vipi bila kumfanya aone kwamba ninalidharau kabila lake? Nimeshauriwa kubandika bei kwenye kila doti, lakini nahofia kuwapoteza wanaopenda kupatana. Mliowahi kuajiri watu wa makabila tofauti, mlifanyaje?